Maji Yanayong'aa Si Lazima Yawe Salama

Mtu akikuambia kwamba amekaa juani siku kadhaa akimsaidia jirani yake kufufua bwawa la kuogelea, bila shaka utadhani anazungumzia Masaki au Oyster Bay. Mimi nazungumzia Kanazi, wilayani Ngara, mkoani Kagera. Wala si Kanazi ile ya Bukoba, bali ni hii ya kwetu, ambako watu wengi huyajua maji kwa uzito wa dumu la lita 20 kichwani. Kanazi na bwawa la kuogelea, wapi na wapi?

Swali hilo lina jibu, na jibu lake linaanzia mwaka 1994. Tarehe 28 na 29 Aprili mwaka huo, katika muda wa saa ishirini na nne hivi, Wanyarwanda wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo wakaingia Ngara. Wengi wao walipelekwa mahali palipoitwa Benaco, jina lililoachwa na kampuni ya ujenzi wa barabara, na kwa muda mfupi kambi hiyo ilikuwa kubwa kuliko zote duniani. Wakaja wafanyakazi wa mashirika ya misaada kutoka kila pembe ya dunia, na kila mwenye kiwanja akaona ni wakati wa kujenga nyumba ya kupangisha. Mmoja wa hao alijenga nyumba kubwa na, kwa kuwa alitaka wapangaji wa fedha za kigeni, akachimba bwawa la kuogelea uani. Desemba 1996 wakimbizi wa Rwanda walirudishwa kwao, wapangaji wakaondoka, na bwawa likabaki.

Jirani yangu, mwalimu mstaafu, aliinunua nyumba hiyo kwa nia ya kuifanya nyumba ya kulala wageni. Bwawa alilirithi likiwa na vyura, viluwiluwi vya mbu, na maji ya kijani mazito kama mlenda. Mwenyekiti wa kitongoji alikuja kwa upole akasema maneno mawili tu: litengeneze, au jaza kifusi. Hakuwa anaonea. Maji yaliyotuama hivyo ni kiwanda cha mbu. Tena mtoto akizama ndani ya maji ya kijani, hata mtu aliyesimama ukingoni hamwoni. Ndiyo maana wenye kutunza mabwawa wana sharti moja lisilo na mjadala: kama huoni sakafu pale penye kina kirefu kabisa, mtu asiingie majini.

Mwalimu aliamua kutengeneza. Alipoliona deni la kazi alitaka kurudi nyuma, lakini maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Akanifuata, si kwa sababu mimi ni fundi, bali kwa sababu anaamini kwamba mtu wa redio anajua kila kitu. Nami, kama walivyo wengi wa kazi yangu, sikumkatalia.

Kabla ya yote lilikuwapo swali la haki, na Mwalimu mwenyewe ndiye aliyelitoa. Bwawa lina urefu wa mita 8, upana mita 4, na kina cha wastani mita moja na nusu. Hizo ni lita 48,000. Utazichota wapi lita 48,000 mahali ambapo majirani wanapanga foleni kisimani? Tukakubaliana kwamba halitaingia hata tone moja la kisima. Tulifunga mifereji kwenye bati. Hesabu yake ni ya darasa la saba: milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la mita za mraba 160 likipata milimita 300 za mvua, umepata zile lita 48,000. Maji ya zamani tuliyavuta tukayamwagia migomba, tukasugua kuta kwa brashi, tukaiachia masika ifanye kazi yake.

Masika ilifanya. Bwawa lilijaa maji ya rangi ya chai ya maziwa, kwa maana paa la kwetu hulala na vumbi jekundu. Sasa ndipo tukaligeukia chujio.

Chujio la bwawa, kwa asiyeliona, ni tangi la mviringo la faiba, hili letu lina kipenyo cha sentimita 60, limejazwa mchanga kiasi cha nusu yake na kuzidi kidogo. Pampu huvuta maji kutoka bwawani, huyasukuma kwa nguvu yaingie juu ya mchanga, yapenye hadi chini, yaokotwe na vijiti vya plastiki vyenye mipasuo myembamba, kisha yarudi bwawani. Juu ya tangi pana mkono wa kugeuza njia ya maji, na pana geji ya presha. Hakuna zaidi. Ni kitu chepesi mno kiasi kwamba watu hawakiheshimu.

Tulipofungua, mchanga wa zamani ulikuwa umeshikana mabonge kama sukari iliyolowa ikakauka. Mafuta ya miili ya watu, chokaa ya maji na uchafu wa miaka huunganisha chembe, na maji, ambayo siku zote hutafuta njia ya mkato, hutoboa mifereji katikati ya mabonge na kupita humo bila kuchujwa. Tukautoa mchanga wote kwa kikombe. Fundi bomba alitaka kutumia koleo, nikamzuia, kwani vile vijiti vya chini huvunjika kwa kuguswa tu. Hata hivyo viwili vilikuwa vimekwisha kupasuka zamani. Tungeweza kulijua hilo mapema, maana tulipokausha bwawa tulikuta kichuguu cha mchanga mweupe chini ya tundu linalorudisha maji. Mchanga ukionekana bwawani, ujue kijiti kimevunjika ndani ya chujio. Vijiti vipya vililetwa kwa basi kutoka Mwanza.

Hapa ndipo nilipofanya kosa langu. Fundi alisema mchanga ni mchanga, tuchukue ule wa mto unaojengewa nyumba. Mifuko ya mchanga maalumu ni ya gharama, na mimi nikanyamaza. Tukajaza, tukawasha pampu. Kwa nusu saa geji ilipanda kana kwamba kuna mtu ameziba bomba kwa kiganja, na maji yaliyorudi bwawani yalikuwa mekundu kuliko yaliyoingia. Mchanga wa mto una chembe za kila ukubwa pamoja na udongo wa mfinyanzi. Chembe ndogo huziba nafasi zilizo baina ya chembe kubwa, na udongo wenyewe hutoka na maji. Chujio la bwawa linataka chembe zinazokaribiana kwa ukubwa, nusu milimita hivi, ngumu na safi. Tukautoa mchanga wote tena kwa kikombe, safari hii kimya kimya, na Mwalimu akanunua mifuko sita ya kilo 25. Ule wa mto tuliurundika kando ya ua, na ninaomba msikilizaji aukumbuke.

Mchanga mpya ulipowekwa, kazi ya kwanza haikuwa kuchuja bali kuuosha. Unazima pampu, unageuza ule mkono, unawasha, na maji yanaingia kwa chini, yanaunyanyua mchanga, yanabeba vumbi lake na kulitoa nje. Narudia: unazima pampu kwanza. Ukigeuza mkono pampu ikiwa inanguruma, utararua mpira wa ndani na siku yako itakuwa imekwisha. Baada ya hapo unasoma geji na kukiandika ukutani kiwango chake cha mchanga safi. Siku itakapopanda kwa paundi 8 hadi 10 juu ya kiwango hicho, ndiyo siku ya kuosha tena. Wenye bidii ya kuosha kila asubuhi hujidhuru, kwa sababu mchanga wenye uchafu kidogo huchuja vizuri zaidi kuliko mchanga mpya.

Kwa nini iwe hivyo? Watu wengi hudhani mchanga hufanya kazi kama chujio la chai, yaani hukamata kilicho kikubwa kuliko tundu. Hebu tupime. Nafasi zilizo baina ya chembe za nusu milimita zina upana wa karibu sehemu moja ya kumi ya milimita. Kijidudu cha kawaida, yaani bakteria, ni kama sehemu moja ya elfu ya milimita. Hupita humo kama panya anavyopita katika lango la ghala. Vumbi lenyewe, lililo jembamba kabisa, nalo hupita. Kinachokamatwa hukamatwa kwa kugusa chembe na kunata, au kwa kutua juu yake kama vumbi linavyotua kabatini. Uchafu uliokwisha kunata huwa mtego wa uchafu unaofuata. Ndiyo sababu tulitia shabu kidogo: ile shabu ya dukani huyafanya mavumbi yasiyoonekana yashikane kuwa mabonge yanayoonekana, na mabonge hayo mchanga hauyakosi.

Tukatia na klorini ya unga, gramu 700 hivi kwa bwawa zima ili kuua kila kilichobaki, tukiimimina klorini ndani ya ndoo ya maji, kamwe si maji ndani ya ndoo ya klorini, na tukaiweka mbali kabisa na asidi. Pampu ikanguruma mchana na usiku. Siku ya tatu, asubuhi, tuliona vigae vya sakafu. Mwalimu alitoa kiti, akakaa akiyatazama maji yake kama mtu anayetazama ng'ombe aliyepona.

Na siku hiyohiyo akaja binti wa jirani na dumu.

Hakukosea. Kijito wanachochota, masika huwa na tope. Maji ya bwawani yalikuwa yanang'aa kiasi cha kuhesabu sarafu zikianguka chini. Mwalimu, ambaye hajapata kumnyima mtu kitu, alikwisha kusema, "Ingia mwanangu, uchote." Nikamwambia binti asubiri kidogo, na Mwalimu akanigeukia, "Bwana mtangazaji, unamnyima mtoto maji masafi ili anywe tope?"

Swali hilo ndilo lililonifanya niandike mazungumzo ya juma hili, kwa sababu siyo la Kanazi peke yake. Wewe uliye mjini, unapofungua bomba na kuyatazama maji kwenye glasi, unauliza swali lilelile na unajibiwa na macho. Na macho hayajui.

Maji ya bwawa huzunguka. Yale uliyoyaona leo ndiyo yatakayokuwapo mwezi ujao, yamepita kwenye mchanga mara mia, na kila muogaji ameongeza jasho lake na, tusifichane, mkojo wake. Vitu hivyo vimeyeyuka, na mchanga haukamati kilichoyeyuka, kama kitambaa kisivyoweza kutoa chumvi kwenye mchuzi. Juu yake kuna dawa za bwawa, nyingine za kuzuia kijani na nyingine za kuilinda klorini isiliwe na jua, ambazo hazikutengenezwa kwa ajili ya tumbo la mtoto. Klorini nayo haiui kila kitu. Mwaka 1993, katika jiji la Milwaukee nchini Marekani, kijidudu kimoja kiitwacho kriptosporidio, chenye gamba ambalo klorini hailiwezi, kilipenya chujio za mchanga za jiji na kuugulisha matumbo watu wapatao 400,000. Hilo lilikuwa jiji la nchi tajiri, lenye mitambo na wahandisi.

Mitambo ya aina hiyo ndiyo inayowanywesha wakazi wengi wa miji yetu. Mtambo wa Ruvu Juu wa mwaka 1959 na Ruvu Chini wa mwaka 1976, inayoihudumia Dar es Salaam, hufuata ngazi zilezile: dawa ya kukusanya tope, maji kutulia, mchanga wa haraka, kisha klorini. Katika mpango huo mchanga huandaa njia, na anayeua ni klorini. Klorini ikiwa imekwisha nguvu kabla ya kufika kwako, kwa bomba lililopasuka au tangi lisilofunikwa, umebakiwa na mng'ao tu.

Je, mchanga hauwezi kusafisha maji ya kunywa bila msaada? Unaweza, lakini sharti ufanye kazi nyingine kabisa. Mwaka 1829, mhandisi James Simpson aliwajengea wakazi wa London chujio la mchanga ambalo maji yalishuka taratibu mno. Wakati ule hakuna aliyejua habari za vijidudu. Walichojua ni kwamba maji yalitoka meupe. Mwaka 1892 ndipo dunia ilipopata somo. Miji ya Hamburg na Altona, nchini Ujerumani, ilikuwa imepakana kama Magomeni na Manzese, na yote ilikunywa maji ya mto Elbe. Altona ilichota upande wa chini, baada ya mto kupokea uchafu wa Hamburg, lakini iliyapitisha maji yake kwenye mchanga wa taratibu. Hamburg haikuchuja. Kipindupindu kilipoingia, Hamburg ilizika watu zaidi ya 8,000. Altona iliguswa kidogo tu, na ilikuwapo mitaa ya mpakani ambako upande mmoja watu walikufa na upande wa pili hawakuugua. Daktari Robert Koch, aliyekwenda kuchunguza, hakuhitaji ushahidi mwingine.

Siri yake ni kwamba mchanga wa taratibu ni kitu hai. Juu yake huota utando mwembamba wa viumbe vidogo sana, na viumbe hivyo huwala wale wanaotuletea maradhi. Utando huo huchukua majuma kadhaa kukomaa. Haupendi kukaushwa, haupendi kukosa hewa ya majini, na ukiuosha kwa kurudisha maji nyuma kama tunavyofanya kwenye bwawa, umeuua. Mchanga ukiziba, unakwangua sentimita moja au mbili za juu, basi. Chujio la bwawa la Mwalimu, lenye kipenyo cha sentimita 60, hupitisha lita 6,000 kwa saa. Pipa la kawaida la lita 200, lenye upana unaokaribiana na huo, likifanya kazi ya taratibu hupitisha lita 40 kwa saa. Ni mara 150 polepole zaidi. Lakini lita 40 kwa saa, usiku na mchana, ni ndoo zaidi ya 40 kwa siku.

Kizuizi chake kikubwa kwetu ni tope. Mito yetu wakati wa mvua huuziba mchanga wa taratibu kwa siku chache. Katika miaka ya 1980 watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akiwamo Profesa Tolly Mbwette ambaye baadaye alikuwa Makamu Mkuu wa Chuo Kikuu Huria, walishughulika na tatizo hilo hasa: maji yapitishwe kwanza kwenye kokoto, zikitangulia kubwa na kufuata ndogo, ili tope libaki huko kabla ya kufika kwenye mchanga. Ni kazi ya kitaalamu iliyofanywa nyumbani kwetu, kwa ajili ya mito yetu, na haitajwi inavyostahili.

Nilimkumbusha Mwalimu na Benaco, kwa kuwa aliiona kwa macho yake. Maji yalitoka katika ziwa dogo lililokuwa karibu na kambi. Hapakuwa na majuma ya kungojea utando ukomae kwa watu robo milioni waliofika kwa siku moja. Mashirika, Oxfam likiwa mojawapo, yalijaza maji kwenye matangi makubwa ya mabati, tope likatulizwa kwa dawa, ikafuata klorini, na watu wakachotea kwenye mabomba badala ya ziwani. Ngara palikuwa na kuhara damu, palikuwa na vifo, lakini haikuona kilichotokea Goma. Huko, Julai ya mwaka uleule, watu wengi walichota Ziwa Kivu kwa mikono yao, maji yenye kupendeza kuyatazama, na katika mwezi wa kwanza wapatao 50,000 walikufa, wengi wao kwa kipindupindu na kuhara damu.

Mwalimu alinyamaza kwa muda. Kisha akaiangalia ile rundo ya mchanga wa mto iliyolala kando ya ua, akauliza, "Na huu je?"

Tuliupepeta kwa wavu wa dirisha, tukauosha kwa ndoo hadi maji ya kuoshea yalipotoka bila rangi. Tukachukua pipa la plastiki ambalo halijapata kubeba dawa wala mafuta, tukaweka kokoto chini, mchanga nusu mita juu yake, na bomba la kutolea maji tukalipandisha nje hadi juu kidogo ya uso wa mchanga, ili hata asipokuwapo mtu wa kumimina, mchanga usikauke. Pembeni likawekwa pipa la pili la kokoto tupu, la kupunguzia tope la kijito. Maji yanayotoka, kwa majuma ya kwanza tulikubaliana yachemshwe bila kukosa, na baada ya hapo yatiwe klorini ya kunywa kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, yasubiri nusu saa. Bwawa likazungushiwa uzio wenye mlango wa kufungwa, na ufunguo unakaa kwa mama mwenye nyumba, ambaye haazimi.

Sasa ni juma la sita. Yule binti huja na dumu lake kila jioni, na wenzake wanne. Ijumaa iliyopita nilimkuta Mwalimu amezima pampu, anaosha chujio la bwawa, geji ikiwa imepanda paundi 9. Alipomaliza alilisogelea lile pipa, akalitazama utando wake wa kahawia juu ya mchanga, mkono umeshika ufagio mdogo. Akanitazama. Nikatikisa kichwa. Akaurudisha ufagio mahali pake, akafunika pipa.